Tundu la Upande wa Kushoto

Macho yaliyokwisha kujua kusoma hayaambiwi yafumbe. Mama Mayai hakuwa akichungulia. Alikuwa akifuta meza ya maabara kama alivyoifuta kila asubuhi kwa miaka kumi na mmoja, na ili aifute ilimbidi aliinue daftari kubwa la jalada jeusi lililoachwa wazi. Akaliinua. Maneno yakamtazama.

"Mhudumu wa mayai alichanganya trei A na trei B. Kazi ya wiki sita imeharibika. Mhudumu ataondolewa kwenye chumba cha mayai."

Chini palikuwa na sahihi ya Profesa na tarehe ya jana.

Aliyasoma mara tatu, mara ya tatu akipitisha kidole chini ya kila neno kama alivyofundishwa mwaka wake wa kwanza wa masomo ya jioni. Kidole hakikupata kosa la kusoma. Ndivyo ilivyoandikwa. Akaweka kitambaa chini, akashika ukingo wa meza.

Miaka sita nyuma wangeweza kumwandika lolote pale, kwamba yeye ni mwizi, kwamba yeye ni paka, naye angelipangusa vumbi lile daftari na kulirudisha mahali pake kwa heshima zote. Siku hizo hakujua hata A ya trei A. Alizitambua trei kwa rangi ya ukanda. Alianza shule akiwa na miaka arobaini na saba, kwenye dawati lililomgusa magoti, na leo matunda ya shule yalikuwa haya: kusoma jinsi anavyosingiziwa.

Jina la Mama Mayai alipewa na wanafunzi. Kazi yake ilikuwa kupokea mayai yenye mbegu kila mwanzo wa wiki, kuyalaza kwenye trei, kuyaandika namba kwa penseli, na kuyaweka kwenye kiatamizi, lile kabati la joto linalofanya kazi ya kuku anayelalia. Alipima joto asubuhi, mchana na kabla ya kuondoka. Alijaza maji kwenye karai la chini ili ndani pasikauke. Na kabla ya kufunga mlango aliweka kiganja juu ya trei akasema kimoyomoyo, "Mungu uliyeviumba hivi, tusamehe tunavyovisumbua, na tusivisumbue bure."

Hilo neno "bure" ndilo lililomchoma sasa. Kumwambia kwamba alichanganya trei ni kumwambia kwamba vifaranga ishirini na wanne, wasiopata hata kulia mara moja, walikufa bure, na kwa mkono wake.

Kazi yenyewe Profesa aliwahi kumweleza, siku moja alipokuwa na furaha. Alichukua kipande cha chaki akachora ubaoni jicho, na kutoka kwenye jicho mistari mingi.

"Jicho la kifaranga likianza kuumbwa, Mama, bado halioni kitu," alisema. "Lakini linatuma nyuzi. Nyembamba kuliko uzi wa buibui. Kila uzi una ncha kama kiganja cha kipofu, unapapasa. Hapa unaitwa, unasogea. Pale unafukuzwa, unageuka. Hivyo hivyo mpaka ufike kwenye ubongo, mahali pake hasa, si pa jirani. Na nyuzi za jicho la kulia hazikai kulia. Zinafika katikati, zinavuka, zinakwenda kuishia ubongo wa kushoto. Za kushoto nazo zinakwenda kulia."

"Zote, Profesa? Hakuna unaopotea?"

"Kwa kifaranga, karibu zote zinavuka. Sasa nani anaziambia zivuke? Hilo ndilo lililoninyima nywele."

Jioni ile alimsimulia mumewe, ambaye ni fundi saa na hutengeneza sebuleni kwao, kwenye meza iliyo karibu na dirisha. Mumewe alivua kile kioo cha jichoni.

"Hajui nani anaziambia?"

"Nani, mimi namjua," alisema Mama Mayai. "Profesa anataka kujua anaziambiaje."

Basi majaribio ya safari hii yalikuwa ya hilo. Mayai ya trei A hayakutiwa kitu. Yalikuwa ya kulinganishia. Ya trei B yalitobolewa dirisha dogo kwenye ganda, na pale nyuzi zinapovukia pakawekwa chembe ndogo iliyolowekwa dawa. Dawa hiyo, kwa imani ya Profesa, inanyamazisha sauti inayoziita nyuzi zivuke. Sauti ikinyamaza, nyuzi za jicho la kulia zitabaki kulia. Siku ya kumi, jicho la kulia la kila kifaranga linadungwa rangi inayong'aa, ili nyuzi zake zionekane zilikokwenda. Siku ya kumi na mbili ubongo unatolewa, unahifadhiwa, unakatwa vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, unatandazwa kwenye vioo na kutazamwa kwa hadubini.

Wa kudunga rangi, kukata na kutazama alikuwa kijana mmoja daktari wa utafiti, aliyerudi kutoka masomoni nje miezi saba iliyopita, ambaye wote walimwita Miwani. Wa mayai, wa trei na wa kutoa ubongo ni Mama Mayai.

Alimngoja Profesa mlangoni pa ofisi yake, ndoo kando.

"Ah, Mama Mayai! Umeniwahi. Nilitaka kukuita. Kaa."

"Nashukuru. Nitasimama."

Profesa alikuwa mtu mpole wa sura, mwenye upara unaong'aa na mazoea ya kuzungumza huku akipanga karatasi. Miwani alikuwa tayari amekaa pale, kikombe cha chai mkononi. Profesa akasukuma barua moja mezani.

"Hakuna anayekufukuza kazi, usiwe na wasiwasi. Utahamia korido na vyoo, basi. Kamati ya utafiti inataka maelezo ya kazi kuharibika. Tia sahihi hapa kwamba zile trei ulizichanganya kwa bahati mbaya. Nimeandika 'kwa bahati mbaya', unaona? Nimekulinda."

"Sikuzichanganya."

"Mama, hakuna anayekukasirikia."

"Mimi ndiye niliyekasirika, Profesa."

Profesa akaacha kupanga karatasi. Miwani akaingilia kati, kwa sauti ya mtu anayemweleza mtoto kwa nini mvua inanyesha.

"Ushahidi uko wazi, Mama. Trei A, ambayo haikutiwa dawa, nyuzi hazikuvuka. Trei B, iliyotiwa dawa, zimevuka vizuri kabisa. Mambo yamekaa kinyume, kama mtu aliyevaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia. Maana yake nini? Trei zimebadilishana. Na nani anashika trei?"

"Mimi. Na wewe unashika nini?"

"Nini?"

"Nauliza tu. Mimi nashika trei. Wewe unashika sindano, unashika kisu, unashika hadubini. Vitu vitatu. Mimi kimoja. Lakini kosa limeruka vitatu vyako likaja kutua kwenye kimoja changu. Lina mabawa?"

Miwani alicheka kidogo ndani ya kikombe. Profesa hakucheka. Akakunja uso kwa huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko kicheko.

"Mama, umri nao unakwenda. Halafu hayo masomo yako ya jioni. Unatoka hapa umechoka, unakwenda kukaa darasani. Kichwa kina kiasi chake. Pengine ungepumzika shule kidogo."

Akampa mpaka kesho saa sita mchana.

Alitoka akafuta korido nzima kwa nguvu ambazo sakafu haikustahili. Kuambiwa amekosea angeweza kustahimili. Hakuna aliyezaliwa na shahada ya kutokosea. Lakini kuigusa shule! Miaka sita alikuwa akitoka kazini, ananawa uso bombani, anakwenda kujifunza kuandika jina lake, kisha sentensi, kisha sehemu za seli. Miaka sita hajawahi kuchelewa kupima joto hata siku moja. Leo shule imekuwa ndiyo ugonjwa wake.

Nyumbani, wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa amekuja kusaidia kukunja nguo. Alisikiliza habari yote huku akikunja shuka, akakunja na mdomo.

"Si nilisema mimi? Bibi wa watu na begi mgongoni! Wenzako wa umri wako wanalea wajukuu, wewe unalea mayai na kusoma seli. Tia sahihi, wifi, yaishe. Korido nayo ina mshahara."

"Sijakosea, wifi."

"Kwani sahihi inauma? Ni wino tu. Wao ndio wenye kalamu."

"Nami ninayo."

"Yako ya penseli!" Wifi akacheka mpaka shuka likamponyoka. "Ya kuandikia mayai! Machozi ya samaki hayo, mwanamke. Yatakwenda na maji, na hakuna atakayejua kama ulilia."

"Dada, hebu mwache," alisema mumewe kutoka dirishani. Alikuwa na saa mbili mezani, moja ya ukutani na moja ya mkononi. Akazinyanyua zote mbili. "Mke wangu, wateja huniletea hivi. Saa zao mbili zinapishana, wanataka niwaambie ipi mbovu. Mara nyingi hakuna mbovu. Ninachowauliza ni kimoja: hii uliirekebisha kwa kufuata nini, na hii kwa kufuata nini?"

"Sasa hizo saa na mayai wapi na wapi?" aliuliza wifi.

"Sijui. Mimi ni fundi saa."

Lakini maneno yale yalimkaa. Kabla ya kula alikwenda chumbani, akapiga magoti kando ya kitanda, na sala yake siku ile haikuwa ya kupendeza. Hakumwomba Mungu awaangushe Profesa na Miwani, ingawa maneno yalimfika ulimini akayameza. Alisema, "Kama nilikosea, nionyeshe, na nitatia sahihi hiyo kwa mikono miwili. Kama sikukosea, usiniache nikanyamaza." Kisha akapita tena akilini, yai kwa yai, yote ishirini na manne. Ukanda mwekundu, A. Ukanda wa bluu, B. Penseli kwenye ganda. Kichupa chenye karatasi ya A, kichupa chenye karatasi ya B. Alipofika mwisho alikuwa bado amekasirika, lakini hasira ilikuwa imetulia, kama maji yaliyoacha kuchemka na bado yanaunguza.

Asubuhi yake, saa tatu, alikwenda kwa Miwani. Chumba cha hadubini kilikuwa kidogo, pazia jeusi dirishani, na ukutani, juu ya mashine ya kukatia, Miwani alikuwa ametundika cheti chake cha udaktari kwenye fremu ya dhahabu.

"Nimekuja kuona nilichoharibu," alisema.

"Mama, nina kazi."

"Mtu anayetakiwa kutia sahihi kosa hata haruhusiwi kuliona? Hata mwizi huonyeshwa alichoiba."

Miwani akapumua kwa nguvu, akaweka kioo chini ya hadubini, na picha ikatokea kwenye skrini. Ilikuwa kama mkate uliokatwa, wenye nundu mbili, moja huku, moja huku. Nundu moja ilikuwa giza. Nyingine iling'aa ukingoni kijani kibichi, uzi kwa uzi, na Mama Mayai, pamoja na hasira zake zote, alijikuta anasema kimya, "Umetukuka." Zile ndizo zilizokuwa zikipapasa gizani ndani ya ganda aliloliandika yeye namba.

"Trei A, namba saba," alisema Miwani. "Haya. Unaliona hili tundu hapa, kwenye nundu yenye mwanga? Basi huku ni kulia. Jicho lililodungwa ni la kulia, nyuzi zimebaki kulia. Hazikuvuka. Yai ambalo halikutiwa dawa linawezaje kushindwa kuvusha? Haiwezekani. Kwa hiyo hili si la trei A."

Mama Mayai alisogea karibu na skrini. Alikuwa akilitazama lile tundu.

Tundu lile alilitoboa yeye. Vipande vya ubongo vikishakatwa huelea kwenye maji, na vikitandazwa kwenye kioo vinaweza kupinduka kama karatasi. Hapo hakuna msomi duniani awezaye kujua kushoto ni wapi na kulia ni wapi. Ndiyo maana kabla ya kisu, ubongo mzima hutobolewa kwa sindano upande mmoja, ili tundu liwe shahidi. Aliyemfundisha alikuwa mzee fundi wa maabara, aliyestaafu mwaka juzi. "Kushoto, binti yangu, upande wa moyo," alikuwa akisema. "Ukisahau, jishike kifua."

"Umesema tundu ni upande gani?" aliuliza.

"Kulia."

"Nani amekwambia?"

"Mama, tundu hutobolewa kulia. Nilikosoma mimi, miaka minne, tumetoboa kulia."

"Ulikosoma wewe. Hapa tunatoboa kushoto."

Miwani akacheka. Kisha akaangalia skrini. Kicheko kikabaki mdomoni peke yake, hakina mwenyewe, kikafa.

"Hapana," alisema. "Hakuna mahali palipoandikwa."

"Pameandikwa." Akapita mbele yake, akanyoosha mikono, akakitoa kile cheti cha fremu ya dhahabu kwenye msumari wake. Nyuma yake, ukutani, palikuwa na kadi ya zamani iliyobandikwa kwa gundi, imegeuka rangi ya chai, na juu yake herufi kubwa za mzee fundi: TUNDU NI KUSHOTO. USIBAHATISHE.

"Hii ilikuwa hapa miaka ishirini," alisema Mama Mayai. "Ulipokuja ulitafuta msumari, ukauona, ukatundika. Umesoma dunia nzima, hukusoma ukuta."

Miwani akavua miwani yake akaifuta kwa shati. Bila hiyo alionekana mtoto. Lakini hakuwa mtoto, na alichosema baada ya hapo hakikuwa cha kitoto.

"Kadi inasema ulivyotakiwa kufanya. Haisemi ulivyofanya. Wewe pia unaweza kuwa ulitoboa kulia."

"Vizuri. Nisubiri hapo hapo."

"Ngoja, Mama." Akamfuata mlangoni, sauti chini. "Tuliongee sisi wawili tu. Mimi ni mgeni hapa, mkataba wangu ni wa mwaka. Nitamwambia Profesa nimekagua upya, na matokeo yamejirekebisha. Wewe hutatia sahihi, mimi sitaaibika. Tumekwisha."

"Yamejirekebisha? Yaliamka yakanawa uso?"

"Mama, nakuomba."

"Jana uliniambia umri unakwenda."

"Ni Profesa aliyesema hivyo."

"Na wewe ulikuwa unakunywa chai."

Alikwenda chumba cha mayai, akafungua jokofu dogo. Mzee fundi alimwachia desturi nyingine: katika kila trei, ubongo mmoja haupelekwi kwenye kisu. Unatobolewa kama wenzake, unawekwa mzima kwenye kichupa, kwa sababu siku ya ugomvi, alisema mzee, kipande husema nusu na kizima husema yote. Akatoa vichupa viwili, vyenye mwandiko wake mwenyewe, A na B, herufi zilizojifunza kusimama wima ukubwani. Akaenda navyo moja kwa moja ofisini kwa Profesa, na Miwani nyuma yake kama mtu anayesindikiza msiba.

"Saa sita bado," alisema Profesa akiangalia saa.

"Sijaleta sahihi. Nimeleta mashahidi."

Akaeleza, maneno machache, bila kumpamba wala kumchafua Miwani. Profesa mwanzo alisikiliza kwa jicho moja, lingine likiwa kwenye karatasi. Liliposemwa neno "tundu" macho yote mawili yalikuja. Akasimama. Wakaenda watatu chumba cha hadubini, daftari la jalada jeusi likiwa kwapani mwa Profesa, na Profesa mwenyewe akamimina ubongo wa kichupa A kwenye kisahani, mdogo kama punje ya haragwe, akauweka chini ya lenzi.

Ubongo mzima hauhitaji kubahatisha. Mbele pana ncha mbili nyembamba, nyuma panatoka uti wa mgongo, juu ni juu. Mtu yeyote anayejua mkono wake anaweza kuonyesha kushoto. Na kushoto, kwenye nundu, palikuwa na tundu la sindano. Profesa akawasha taa ya bluu. Nundu yenye tundu ikawaka kijani.

"Jicho la kulia," alisema Profesa polepole, "na nyuzi ziko kushoto. Zimevuka." Akabadilisha kisahani kwa haraka, akamwaga maji kidogo mezani. Kichupa B. Tundu kushoto. Taa. Nundu yenye tundu ilikuwa giza. Iliyowaka ilikuwa ya pili. "Za B hazikuvuka. Dawa imezizuia. Hazikuvuka!"

Akageuka, uso umewaka kuliko nundu. "Nilikuwa sahihi! Miaka tisa nasema kuna sauti pale katikati, wananiona mwehu. Nilikuwa sahihi!" Akamshika Miwani mabega yote mawili akamtikisa. "Tunaandika makala! Leo leo! Vioo vyote visomwe upya, kinyume chake. Piga simu kwa kamati."

"Ndiyo, Profesa," alisema Miwani, na rangi ikaanza kumrudi.

Wakaanza kuzungumza wote wawili kwa wakati mmoja, juu ya picha gani itangulie, juu ya kichwa cha makala. Mama Mayai alisimama kati yao, kichupa kitupu mkononi. Alikuwa mfupi, na wafupi hupitiwa juu. Maneno yalikuwa yakimpita juu kama ndege wanaohama. Alingoja. Alidhani ni furaha tu imewapofusha, itapita. Haikupita.

"Profesa," alisema mwishoni.

"Eh? Ah, Mama Mayai! Asante sana. Ile barua itupe. Endelea na mayai yako kama kawaida." Na kwa wepesi wa mtu anayepangusa makombo, akalivuta daftari la jalada jeusi, akaufungua ukurasa ule, akaushika kwa juu kuuchana.

Kiganja cha Mama Mayai kilikuwa kimeshatua katikati ya ukurasa.

"Daftari halichanwi," alisema.

"Nini?"

"Daftari la maabara halichanwi, halifutwi, halipakwi rangi nyeupe. Kosa hupigwa mstari mmoja, ili lisomeke. Chini yake linaandikwa la kweli, na sahihi, na tarehe. Ni wewe unayewapigia kelele wanafunzi wapya kila mwaka. Mimi nakuwa nafuta madirisha, nasikia."

"Mama, hiyo ni kwa mambo ya sayansi. Hili ni jambo dogo."

"Ulipoliandika lilikuwa dogo?"

Profesa akaendelea kuushika ukurasa.

"Umeniandika humu kwamba niliharibu," aliendelea, bila kuirudisha sauti chini. "Hukuniuliza. Siku ile ile ulipoona mambo kinyume, hukujiuliza nani amesoma, nani amekata. Uliangalia chini kabisa, ukaniona mimi. Ukanihurumia! Shule yangu ukaifanya ndiyo kosa. Kwenye korido wameshasikia wote, mpaka mlinzi wa getini aliniambia pole. Ukiuchana ukurasa huu, pole zao zitabaki, na ukweli hautakuwa na mahali pa kukaa. Mimi sichanwi, Profesa. Mimi nipigwe mstari."



Profesa alitoa kalamu mfukoni taratibu. Akaweka rula, kwa maana mkono ulikuwa umezoea, akapiga mstari mmoja juu ya sentensi zile tatu. Zilisomeka bado. Chini akaandika, akitamka huku akiandika, "Trei hazikuchanganywa. Tundu lilisomwa upande usio wake. Mhudumu hakukosea."

"Lilisomwa na nani?" aliuliza Mama Mayai. "Kosa langu lilikuwa na mwenyewe. Lake limekuwa yatima?"

Miwani akasogea mwenyewe. Akachukua kalamu, akaandika kwamba ni yeye aliyesoma, akatia sahihi. Alikuwa bado hajasema samahani, na hakuisema.

"Na mhudumu ana jina," alisema Mama Mayai.

"Naam, bila shaka." Profesa akaishika kalamu tena, akaiweka juu ya karatasi. Kalamu ikasimama pale. Ikaacha nukta ya wino, nukta ikanenepa. Akamtazama Miwani, Miwani akatazama dari. Miaka kumi na mmoja. Barua ile ya kutia sahihi nayo, sasa Mama Mayai alikumbuka, ilikuwa imeandikwa "Mhudumu wa mayai" juu mpaka chini.

"Jina lako kamili," alisema Profesa, bila kuinua uso, "ni nani vile?"

Alifikiri atapiga kelele. Hakupiga. Alivuta pumzi, akasimama kama mwalimu wake wa jioni anavyosimama siku ya imla, akamtajia: jina lake, jina la baba yake, jina la babu yake. Profesa alipokosea herufi moja katika jina la baba, alimwambia akosoe. Profesa akaipiga mstari mmoja, akaandika ya sawa.

Kisha Mama Mayai aligeuka kurudi chumba cha mayai. Kabla ya kutoka akaona cheti cha Miwani kimelazwa juu ya kiti, akakifuta vumbi, akakitundika kwenye msumari mwingine, mbali na ile kadi. Kule chumba cha mayai trei mpya zilikuwa zimefika. Akanoa penseli. Akaandika moja, mbili, tatu, mpaka kumi na mbili, akafunga ukanda mwekundu, akaweka kiganja juu.

Maneno ya kila siku hayakuja mara moja. Alijua ni kwa nini, na alijua pia kwamba anayemwomba anajua.

"Mungu wangu," alisema, "tusivisumbue bure. Na wale wawili, najua unataka niwasamehe. Leo bado. Nikumbushe kesho."

Akafunga mlango wa kiatamizi, akasoma joto, akaliandika.